Jiko la moshi limekosa pumzi: namna ya kulegeza matundu ya hewa yaliyogandamana

Swali: Habari yako Fundi. Nauza kuku wa moshi hapa Kahawa West, Nairobi, kila Ijumaa na Jumamosi. Mwaka jana nilinunua jiko la moshi la mitumba, lile refu jeusi la kung'aa, lenye matundu matatu ya hewa chini na moja kwenye kifuniko. Mvua ya Aprili ililikuta nje. Sasa matundu mawili ya chini yamekwama yakiwa yamefungwa, la tatu linazunguka kwa shida, na la juu limegandia likiwa wazi kama robo tu. Mume wangu anataka kuyagonga kwa nyundo na tindo. Tena siku hizi kuku wangu wanatoka weusi, na wateja wawili wameniambia nyama ina uchungu. Nifanyeje?

Jibu: Dada yangu, kwanza mwambie shemeji aweke nyundo chini. Weusi ule wa kung'aa si rangi ya kopo. Ni enameli, yaani unga wa kioo uliochomwa juu ya chuma mpaka ukashikamana nacho. Ukigonga karibu na tundu, enameli inabanduka vipande kama ganda la yai, na pale palipobanduka kutu inaanza kazi yake siku hiyohiyo. Halafu vile visahani vinavyozunguka juu ya matundu, katika majiko mengi ya aina yako, ni vya alumini. Alumini nyembamba haivumilii tindo: inapinda, na ukijaribu kuinyoosha inaweza kukatika.

Nasema hivi kwa sababu nilishavunja. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii nililetewa jiko kama lako, tundu la juu limeshika kabisa. Nilikamata kile kishikio kidogo kwa koleo, nikakaza mkono, kikabaki kwenye koleo na kisahani hakijasogea hata unywele. Ilibidi nimlipe mwenye jiko. Tangu siku hiyo sijawahi kuanza na nguvu, na sijakutana na tundu lililohitaji nguvu kabla ya kuhitaji joto, maji au siki.

Umeniuliza mambo mawili, lakini kwangu ni jambo moja. Uchungu wa kuku wako na ugumu wa tundu la juu vina mama mmoja.

Kuni au makaa yakipata hewa ya kutosha, moshi wake huwa mwembamba, wenye rangi ya samawati kwa mbali, wakati mwingine huuoni kabisa ila unausikia puani. Hewa ikipungua, kipande cha kuni hakiwaki, kinafukuta. Kinatoa moshi mweupe mzito, umejaa mvuke na utomvu ambao haujaungua. Moshi huo ukigusa kitu chenye ubaridi kidogo, utomvu unaganda juu yake kama lami. Vitu vyenye ubaridi ndani ya jiko ni viwili: kuku uliyemweka sasa hivi, na kifuniko. Kwa hiyo kuku anapakwa lami, anakuwa mweusi na mchungu, na kisahani cha tundu la juu kinapakwa lami ileile. Tundu likishika katikati, hewa inapungua zaidi, moshi unazidi kuwa mzito, lami inaongezeka. Jiko lako limekuwa likijiziba lenyewe wiki baada ya wiki.

Watu wengi hudhani kazi ya tundu la juu ni kuuachia moshi utoke. Kazi yake kubwa ni kuvuta hewa mpya. Hewa moto ikipanda na kutoka juu, ndipo hewa baridi inapoingia chini. Ziba juu, na makaa ya chini yanakosa pumzi hata kama umeyafungulia matundu yote matatu. Jiko lenu la kawaida la nyumbani, lile lenye udongo ndani na kijimlango chini, halikufundishi jambo hili kwa sababu juu liko wazi. Unacheza na kijimlango tu. Jiko lenye kifuniko lina milango miwili, na wa juu ndio unaoamuru wa chini.

Hata majiko ya kifuniko yenyewe yalianza kwa kosa hilo. Mwaka 1952 George Stephen, aliyekuwa akifanya kazi katika karakana ya vyuma ya Weber Brothers huko Chicago, Marekani, alikata boya la chuma akatengeneza jiko la mviringo lenye kifuniko. Husimuliwa kwamba alipolifunika mara ya kwanza moto ulizimika, mpaka jirani akamshauri atoboe matundu.

Na hapa Nairobi shida ya hewa ni kubwa kuliko kule yalikoandikwa maagizo mengi ya majiko haya. Tuko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ina uzito wa asilimia 80 na kitu tu ya ile ya Mombasa. Pumzi moja ya jiko lako inaleta oksijeni pungufu. Mtu wa pwani akifungua matundu ya chini robo, moto wake unaridhika. Wewe Kahawa West utajikuta unafungua zaidi ya hapo kupata joto lilelile. Kwa hiyo tundu lililokwama kwenye robo, ambalo mwingine angelivumilia, kwako ni kaba ya shingo.

Sasa tufanye kazi. Kabla hujagusa, tambua ni gundi gani imeshika, kwa maana kila gundi ina dawa yake na dawa ya hii inaweza kuharibu ile. Chukua msumari, kwaruza taratibu ukingoni mwa kisahani. Kikitoka kitu cheusi kinachong'aa, kigumu kama lami ya barabarani wakati wa baridi ya Julai, hiyo ni lami ya moshi na mafuta ya kuku. Nina hakika hiyo ndiyo iliyoko juu. Ukitoka unga mweupe au kijivu, mgumu kama ukoko ndani ya birika, hiyo ni alumini iliyoliwa, imechanganyika na majivu yaliyolowa. Ukitoka unga wa kahawia, ni kutu, na itakuwa kwenye ribiti ya katikati, yaani ule msumari mfupi unaokishikilia kisahani, au kwenye mwili wa jiko pale enameli ilipotoka, kwa sababu alumini haishiki kutu ya kahawia. Kama una sumaku, hata ya spika ya redio mbovu, iweke juu ya kisahani: ikishika ni chuma, isiposhika kichukulie kuwa ni alumini. Usiruke hatua hii ya sumaku, utaona kwa nini.

Anza na tundu la juu.

Kifuniko kikiwa baridi, kigeuze, utazame ndani. Utaona magamba meusi yananing'inia, na watu wengi huniletea jiko wakidhani rangi inabambuka. Si rangi. Ni moshi na mafuta yaliyokauka, na hayo magamba ndiyo yanayomwangukia kuku wako. Finyanga karatasi ya foili iwe kama ngumi, sugua, yatatoka makavu. Yale mafuta mazito yaliyolala chini ya jiko na kwenye sinia la maji yakwangue kwa kipande cha mbao, uyatoe kabisa, na sinia lenyewe uliweke kando. Usiache. Unakwenda kuwasha moto ndani ya jiko ambalo matundu yake hayafungiki vizuri, maana yake huna breki. Mafuta yakishika moto huwezi kuunyima hewa, na ukimwaga maji juu ya mafuta yanayowaka yataruka na kukuunguza. Kaa na ndoo ya mchanga karibu.

Washa makaa kiasi cha mkebe mmoja wa kasuku, bila kuni ya moshi na bila nyama, nje mahali palipo wazi. Nasisitiza nje. Si kwenye baraza iliyofungwa wala kwenye ngazi za ploti, hata mvua ikinyesha, kwa sababu hewa ya sumu ya makaa haina harufu na haimwamshi aliyelala. Kwa kuwa matundu ya chini yamegoma, fungua kile kijimlango cha ubavuni ili makaa yapate hewa. Funika, subiri nusu saa mpaka dakika arubaini na tano.

Joto linakusaidia kwa njia mbili. Ya kwanza unaijua, lami inalainika. Ya pili haionekani: alumini ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Kisahani cha sentimita 10, joto likipanda kwa nyuzi 100, kinakua kama robo ya milimita, na chuma kilicho chini yake kinakua nusu ya hapo. Huo msuguano mdogo, tofauti ya sehemu ya kumi ya milimita, unatosha kupasua lami iliyokauka kati yao. Ndiyo maana nasema moto unafanya kazi ambayo nyundo haiwezi.

Vaa glavu nene za ngozi, zile za wachomeleaji. Chukua mpini wa mwiko wa zamani, uegemeze kwenye kishikio cha kisahani, chini kabisa karibu na kisahani chenyewe, si kwenye ncha yake. Sukuma kidogo upande mmoja, kisha upande wa pili. Usitafute kukifungua. Tafuta kusogea tu, hata kwa upana wa uzi. Kikisogea kwenda, kirudishe. Kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, na kila mara kinaongeza kidogo. Kisiposogea, funika tena, ngoja dakika kumi, rudia. Kikianza kuzunguka, kizungushe mara nyingi kikiwa bado moto, na kila mzunguko futa lami inayojitokeza kwa kitambaa kizee. Kazi hii ikifanywa kwa moto huchukua dakika chache. Ukiacha kikapoa, lami inaganda upya na unarudi mwanzo.

Baada ya hapo acha kifuniko kipoe chenyewe. Usikimwagie maji baridi, kile ni kioo, kitapasuka nyufa ndogondogo. Kikiwa vuguvugu, weka kitambaa kilicholowa maji moto na sabuni ya maji ya vyombo juu ya tundu, nje na ndani, kwa nusu saa. Kisha mswaki mzee. Matundu madogo yachokoe kwa kijiti.

Najua mkono wako utataka kwenda kwenye magadi. Mama zetu wanayajua magadi kwa githeri na mboga, na ni kweli yanakata mafuta kuliko sabuni. Yatumie kwenye wavu wa chuma, changanya vijiko viwili kwenye lita moja ya maji moto, loweka, utashangaa. Lakini usiyaloweke na alumini. Magadi ni kali kwa alumini, yanaifanya kuwa nyeusi na kuitoboa vidoti. Ile soda kali ya kuzibulia mifereji ya choo ndiyo hatari zaidi: ikikutana na alumini inachemka na kutoa gesi inayoshika moto, na kisahani kinaliwa ukitazama. Dawa nyingi za kunyunyizia oveni zina soda hiyohiyo ndani yake. Ndiyo maana nikakuambia utafute sumaku kwanza.

Na hapo ndipo tunafika kwenye matundu ya chini, maana ugonjwa wao ni huohuo wa magadi ingawa hukuyatia wewe. Watu wa Magharibi, Waluhya, huchuja maji kwenye majivu wakapata musherekha wa kulainishia mboga. Kile kinacholainisha mboga ni chumvi kali iliyomo ndani ya majivu, ndugu yake magadi. Sasa fikiria jiko lako lilivyokaa nje mwezi wa Aprili likiwa na majivu tumboni. Mvua ilipenya, majivu yakalowa, na visahani vya alumini vikalala ndani ya musherekha wiki nzima. Ule ukoko mweupe ni alumini yenyewe iliyoyeyuka na kukauka upya. Ongeza chumvi ya viungo inayodondoka kutoka kwenye kuku, pale ribiti ya chuma inapogusa alumini, na kutu inaenda mbio.

Kwa hiyo chini usitegemee moto. Moto utakausha ukoko uzidi kuwa mgumu. Chini panataka siki.

Toa majivu yote yakiwa makavu, piga brashi, pangusa. Ukimwaga maji kabla ya kutoa majivu umejitengenezea saruji. Laza jiko ubavu juu ya gunia, ili tundu unalolishughulikia litazame juu. Lowesha kitambaa kwa siki nyeupe ya dukani, kibane juu ya kisahani, na kingine ndani ya jiko upande wa pili wa tundu hilohilo. Utaona vipovu vidogo, hiyo ni siki inakula majivu yaliyoganda. Baada ya nusu saa ondoa, suuza, sugua kwa mswaki, jaribu kwa mpini wa mwiko kama ulivyofanya juu. Bado? Rudia siki nusu saa nyingine. Usiiache usiku kucha juu ya alumini, kwa maana siki nayo ikikaa sana inaila. Kwenye ribiti ya chuma yenye kutu unaweza kurudia mara nyingi, ukidondosha pale katikati tu. Anza na lile tundu linalozunguka kwa shida, ujifunze mkono wako pale, kisha uende kwa yale mawili yaliyofungwa.

Kama ukoko uko kati ya kisahani na mwili wa jiko ambapo kitambaa hakifiki, pitisha kadi ngumu ya plastiki, kama kadi ya benki iliyokwisha muda, ukiizungusha taratibu ukingoni na kudondosha siki nyuma yake. Kisu usitumie, kinaingia chini ya enameli.

Siki usiichanganye kamwe na dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, ile tunayoiita Jik. Zikikutana zinatoa hewa ya klorini inayounguza mapafu. Kuna mtu atakuambia pia uweke mafuta ya taa, kwa sababu ndivyo mafundi wanavyolegeza nati zilizoshika kutu. Ni kweli yanalegeza. Lakini kwenye jiko la chakula yanaingia kwenye mianya, na utayanusa kwenye kuku kwa majuma. Zile dawa za kupulizia za kulegezea nati nazitumia mwisho kabisa, tone moja kwenye ribiti, nikiwa na uhakika nitaosha kwa sabuni na kuchoma jiko tupu kwa saa nzima baadaye.

Ikiwa siki imefanya kazi yake mara tatu na tundu moja bado limegoma, tatizo si kisahani, ni ribiti. Imevimba kwa kutu na inabana. Hapo usiendelee kusukuma. Itoboe kwa drili kutoka upande wa ndani, anza na ncha nyembamba ya milimita 3 katikati ya kichwa cha ribiti, kisha ya milimita 5. Kichwa kitaanguka, kisahani kitatoka mkononi mwako chote, na utaweza kukisafisha mezani pande zote mbili. Pale ribiti ilipokuwa weka bolti ya milimita 5 ya chuma kisichoshika kutu, washa moja (kile kipete bapa cha chuma) kila upande, na nati mbili zinazobanana zenyewe ili zisilegee. Vitu hivyo utavipata kwenye duka lolote la hadwea lililokamilika. Kaza mpaka kisahani kisicheze, kisha rudisha nati ya kwanza robo mzunguko, halafu ubane ya pili juu yake. Mimi kusema kweli naipenda bolti kuliko ribiti. Siku nyingine kikishika, unafungua kwa spana na kazi imekwisha. Wakati unatoboa, weka kitambaa chenye unyevu ndani kukusanya vumbi la chuma, na vaa miwani.

Kisahani kikitoka, utajaribiwa kukitupa kwenye makaa kichomeke kisafike. Usifanye hivyo. Alumini inayeyuka kwenye nyuzi 660, na makaa yanayopulizwa vizuri yanapita hapo.

Sasa jambo ambalo karibu kila mtu hulikosea. Matundu yakishazunguka laini, watu huyapaka mafuta ya kupikia ili yaendelee kuzunguka. Mafuta ya kupikia yakipashwa joto juu ya chuma hugeuka ngozi ngumu, na hiyo ndiyo inayofanya karai la mandazi liwe na ukuta wa kahawia usiotoka. Umetoa gundi moja, umepaka nyingine. Grisi ya gari ndiyo usiiguse kabisa. Tumia penseli. Ile risasi ya penseli ni grafiti, inateleza ikiwa kavu na haisumbuliwi na joto la tundu la hewa. Nunua penseli laini, ya 2B au zaidi, sugua sehemu zote mbili zinazogusana mpaka zing'ae kijivu. Zungusha kisahani mara ishirini, sugua tena. Basi. Mafuta ya kupikia weka kwenye wavu, na kwenye vidoa vilivyopoteza enameli, kwa kitambaa, yakiwa membamba kama jasho.

Kuhusu brashi ya waya: kama ulitumia popote ndani, futa jiko lote kwa kitambaa chenye unyevu na ukitazame kitambaa. Waya mmoja mwembamba ukibaki kwenye wavu utaingia kwenye kuku, na mtu akiumeza unamchoma kooni au tumboni. Ndiyo sababu foili na mswaki navipenda zaidi.

Ili usirudi kwangu na shida hiihii mwezi wa Novemba mvua fupi zikiwa zimekolea, badilisha namna unavyolifunga jiko. Nadhani unafanya kama wengi: kuku akishatoka, unafunga matundu yote ili makaa yazimike na yabaki ya kesho. Kubania makaa sikulaumu, bei yake tunaijua. Lakini unapofunga, unafungia ndani mvuke, mafuta na moshi mzito wa makaa yanayokufa, na vyote vinapoa na kuganda kwenye visahani vikiwa vimefungwa. Funga, sawa, lakini ukirudi jiko likiwa vuguvugu, kama saa mbili baadaye, zungusha kila kisahani mara tatu nne, kisha uache vyote wazi mpaka wakati mwingine. Asubuhi toa majivu. Yatie kwenye debe la chuma lenye kifuniko, kamwe si kwenye ndoo ya plastiki wala gunia, kwa sababu kaa dogo chini ya majivu linaweza kukaa na moto siku nzima na zaidi. Jiko lenyewe liinue juu ya matofali mawili chini ya mabati. Ukilifunika kwa nailoni likiwa na unyevu umelipikia kutu.

Kwa wale wenye majiko ya moshi ya mapipa, yale yanayochongwa na mafundi wa Kamukunji hapa Nairobi, wanaosoma hapa wakidhani haya hayawahusu: vijimlango vyenu vya kuteleza vinashika kwa kutu na kwa kupinda, si kwa alumini. Siki usiku kucha haitavidhuru kama ni vya chuma kitupu, na nyundo ndogo ya mbao mnaruhusiwa. Lakini kama kijimlango ni cha mabati yenye zinki, msikichome mpaka kiwe chekundu, kwa maana moshi wa zinki huleta homa na kutetemeka usiku huohuo. Na pipa la lita 200 ambalo hamjui lilibeba nini halifai kupikia, hata mkililegeza matundu yote.

Nirudi kwako, dada. Kazi hii ifanye Jumatano, jiko likauke Alhamisi. Alhamisi jioni washa jiko bila kuku kwa saa moja, matundu yote wazi, yaungue mabaki ya sabuni na siki. Kisha jaribu breki: funga matundu yote manne na utazame kipimajoto. Joto likianza kushuka ndani ya dakika chache, vinafunga vizuri. Lisiposhuka, kuna kisahani hakijakaa sawa, na usiku huo kibane upya.

Ijumaa, tundu la juu lifungue lote na uliache hivyo mpaka mwisho wa mapishi. Joto liongoze kwa matundu ya chini peke yake: anza na nusu kila moja, na ukiona unafika nyuzi 130 rudisha moja kidogo, ungoje dakika kumi na tano kabla ya kugusa lingine. Sinia la maji likiwa linachemka usishangae kuona halipiti nyuzi 94 hivi, huo ndio mchemko wa Nairobi. Kuni ya moshi iwe kavu, vipande viwili vya ukubwa wa ngumi, mparachichi au mpera ni nzuri. Usiiloweshe maji hata ukishauriwa, kuni mbichi ndiyo inayoleta ule moshi mweupe. Kuku usimweke moshi ukiwa bado unatoka kama wa gari bovu. Simama pembeni, utazame juu ya kifuniko, ungoje mpaka usiuone vizuri mbele ya ukuta mweupe lakini puani unauonja. Hapo ndipo umweke. Paja likifika nyuzi 74 karibu na mfupa, mtoe, na wa kwanza umle wewe na shemeji kabla hujafungia mteja.